DHAMANA: SAHIHI YA MMOJA, MZIGO WA WAWILI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Ndugu msomaji, kabla hatujafika mbali, hebu tuzitazame sentensi hizi nne:

(a) Mshukiwa aliachiliwa kwa dhamana ya shilingi elfu ishirini.
(b) Benki ilikataa kumpa mkopo kwa sababu hakuwa na dhamana.
(c) Serikali imeuza hati za dhamana ili ipate fedha za kujenga barabara.
(d) Cheo ni dhamana.

Neno ni lile lile, lakini kazi zake zinatofautiana sana. Katika sentensi ya kwanza linamtoa mtu kizuizini. Katika ya pili linamnyima mtu pesa. Katika ya tatu linauzwa kama bidhaa, na katika ya nne halina habari na pesa hata kidogo. Je, hili ni neno moja au ni maneno manne yaliyovaa kanzu moja?

Swali hili lilizuka katika kikao cha chama chetu, na wenzangu wakagawanyika. Wako waliosema dhamana ni neno la polisi, wako waliosema ni la benki, na mmoja akasema eti ni lugha ya Watanzania tu! Nikaahidi kulichunguza. Wahenga walisema ahadi ni deni, basi leo nalipa langu. Nami natangulia kusema kwamba ni neno moja, lenye moyo mmoja, na anayeuelewa moyo huo hatatia sahihi yake ovyo ovyo.

ASILI YAKE

Dhamana ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Katika lugha hiyo maneno mengi hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti tatu, na mzizi wa neno letu ni dh-m-n. Sisi nasi tuna mizizi yetu: kutokana na -som- tunapata soma, somo, msomi na masomo. Kutokana na dh-m-n Waarabu walipata kitenzi chenye maana ya kuchukua jukumu la kitu au la deni la mtu mwingine, na majina dhaman na dhamana. Hata leo, mpango wa serikali wa kuwatunza wazee na wasiojiweza katika nchi nyingi za Kiarabu huitwa dhaman, yaani dhamana ya jamii.

Lakini kuna jambo lililonivutia zaidi. Kutokana na mzizi huo huo Waarabu wana neno dhimni, maana yake "ndani ya" au "miongoni mwa". Mzizi mmoja unabeba maana ya kuchukua jukumu na maana ya kuwa ndani. Ukizichukua maana hizo mbili ukaziweka pamoja, unapata picha nzuri ya neno letu: anayetoa dhamana hasimami kando kutazama jambo la mwenzake, ameingia ndani yake. Kama jambo ni deni, basi naye yumo ndani ya deni.

Sauti ya kwanza ya mzizi huu huitwa dhad. Ni sauti nzito ambayo Waarabu wanajivunia mno, hata wakaiita lugha yao "lugha ya dhad". Sisi hatukuuchukua uzito huo, tuliilainisha ikawa dh. Ndivyo ilivyokuwa kwa ardhi, maradhi, dhaifu, dharura, dhiki, kadhi na Ramadhani. Naam, hata fedha! Neno fedha lina dhad ndani yake, na asili yake ni yale madini meupe ya kutengenezea pete na mikufu, ambayo pia yalitengenezewa sarafu.

Neno hili halikusafiri kuja kwetu tu. Lilipitia Uajemi likafika Bara Hindi, na huko dh ikageuka z, wakasema zamanat. Ninyi mnaopenda filamu za Kihindi mnajua: mtu amesingiziwa, amefungwa, wakili anakuja na karatasi mkononi anamtaka hakimu atoe "zamaanat". Basi mwenzangu, huhitaji kusoma maandishi ya chini ya skrini hapo. Ni dhamana yetu hiyo hiyo.

Haishangazi kwamba neno lilienea pande zote za Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 biashara ya pwani yetu iliendeshwa kwa mikopo. Viongozi wa misafara iliyotoka Zanzibar, Bagamoyo na Mombasa kwenda bara walichukua nguo na shanga kwa deni, wakarudi baada ya miezi au miaka wakiwa na pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia yetu, watu waliofanywa watumwa. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, alipata mtaji wake kwa tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, Taria Topan. Fikiria: unampa mtu mali yako, anaingia porini, na hakuna simu. Biashara ya namna hiyo yataka uaminifu, na uaminifu usipotosha, yataka dhamana.

Ndiyo sababu maneno mengi ya pesa tuliyo nayo yaliingia kwa mlango huo wa biashara: deni, riba, rehani, hisa, faida, hasara, amana na rasilimali (neno ambalo kwa Kiarabu maana yake ni "kichwa cha mali"). Hata hivyo kukopa na kulipa ni vitenzi vyetu vya Kibantu. Watu wa kwetu walijua kukopeshana zamani sana. Kilichokuja na biashara ya mbali ni msamiati wa kukopeshana na mtu usiyemjua.

NDUGU WA KUFANANISHWA

Hapa nawaomba walimu wetu wa Kiswahili wanivumilie, kwa maana wao wanalijua tatizo hili kuliko mimi. Tunapoandika insha, wengi wetu huchanganya dhamana, thamani, zamani na amana. Utasikia mtu anasema "gari la dhamana kubwa" au "akaomba atolewe kwa thamana". Wengine lugha zetu za nyumbani hazina sauti za dh na th, hivyo tunasikia zote kama kitu kimoja. Lakini kila neno kati ya haya lina ukoo wake.

Thamani inatoka kwenye mzizi wa th-m-n, na maana yake ni kima au bei ya kitu. Herufi hizo tatu ndizo zilizomo pia katika themanini na thumuni. Wazee wetu waliita senti hamsini thumuni, yaani sehemu ya nane, kwa sababu lilikuwa jina la sehemu ya nane ya ile sarafu kubwa ya fedha iliyotumika pwani kabla ya shilingi.

Zamani ina mzizi wa z-m-n, na maana yake ni wakati, hasa uliopita. Haina uhusiano wowote na pesa, ila pale mtu anapokumbuka bei za zamani akasikitika.

Amana ndiyo inayotatiza zaidi, kwa kuwa nayo ni neno la benki. Mzizi wake ni ule uliotupa amini, imani, amani na mwaminifu. Amana ni mali ya mtu uliyopewa uitunze. Ukiweka pesa benki, umeweka amana. Ukimwachia jirani ufunguo wa nyumba, umemwachia amana. Kwa hiyo katika amana mwenye mali anakuamini wewe. Katika dhamana unamwambia mwenye mali amwamini mtu mwingine, na yule mtu akimwangusha, wewe ndiwe utakayeulizwa.

Neno letu limezaa watoto wengi, nao wote ni wenye adabu katika sarufi. Dhamana yenyewe iko katika ngeli ya I-ZI: dhamana hii, dhamana hizi. Kitenzi ni kudhamini. Mtu ni mdhamini, na wakiwa wengi ni wadhamini. Kazi yao ni udhamini. Aliyesimamiwa ni mdhaminiwa. Na akina mama wa sokoni wanaochukua mkopo kwa kikundi, kila mmoja akijibu kwa ajili ya wenzake, hao wanadhaminiana. Tafadhali msimchanganye mdhamini na mfadhili. Mfadhili anatoka kwa fadhila: anatoa chake, na huenda asidai kitu. Mdhamini si lazima atoe chochote leo. Anaahidi kutoa kesho mambo yakiharibika.

DHAMANA YA MAHAKAMANI

Maana inayosikika sana redioni na magazetini ni hii ya polisi na korti. Mtu ameshikwa, kesi yake haijaamuliwa, na bado hajathibitishwa kuwa na hatia. Je, akae rumande mpaka lini? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana, kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Kabla ya katiba hiyo, waliokabiliwa na makosa ya hukumu ya kifo, kama mauaji na wizi wa kimabavu, hawakuwa na nafasi hiyo.

Kiswahili hutumia neno moja hapa, lakini njia ni zaidi ya moja. Kuna dhamana ya pesa taslimu, ambapo mshtakiwa anaacha kiasi fulani cha pesa kortini. Kuna ile ambayo watu wa mitaani huiita bondi, ambapo anatia sahihi ya kuahidi kurudi, mara nyingi akiwa na mdhamini mmoja au wawili, nao huweka hati ya shamba au ile hati ya gari. Hapo ndipo utasikia "nani atamsimamia dhamana?" Nalipenda neno hilo kusimamia. Mdhamini husimama kwelikweli mbele ya hakimu, anaulizwa kazi yake, anakoishi, na vipi anamjua mshtakiwa. Mtu huyo akitoroka, kilichowekwa kinaweza kwenda, na mdhamini ataitwa ajieleze.

Jambo jingine ambalo kila kijana anafaa kulijua ni hili. Bondi ya polisi ni bure. Na ikiwa umetozwa dhamana ya pesa taslimu, lazima upewe risiti, kwa kuwa pesa hizo si faini wala si ada. Kesi ikimalizika na mshtakiwa alikuwa akifika kila alipoitwa, zinarudishwa. Nimesikia watu wakisema "alilipa dhamana akaachwa" kana kwamba ameinunua kesi. La hasha! Hakulipa, aliweka. Kosa dogo la kitenzi linawafanya watu wasiende kudai haki yao, na wajanja wakanufaika.

DHAMANA YA MKOPO

Sasa tuingie benki. Benki haikujui wewe wala mjomba wako. Inataka kitu ambacho itashika usipolipa. Kitu hicho, hasa kikiwa shamba au nyumba, kimeitwa rehani tangu zamani, na kitendo chenyewe ni kuweka rehani. Siku hizi watu wengi huita hata kitu hicho dhamana, na matumizi hayo yamekubalika. Lakini tukitaka kusema kwa uangalifu, rehani ni kitu kilichoshikwa, na dhamana ni lile jukumu la kwamba deni litalipwa. Kitu kinaweza kulibeba jukumu hilo, na mtu anaweza kulibeba vilevile.

Kwa miaka mingi aliyekuwa hana hati ya shamba alikuwa hana dhamana, basi. Hali hiyo ilimwacha nje kijana, mfugaji na hasa mama, maana hati nyingi zilikuwa na majina ya wanaume. Mwaka 2017 Bunge letu lilipitisha sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana ikiwa imeandikishwa, kama vile mifugo, mazao na mashine. Kwa hiyo ng'ombe wa maziwa wa nyanya yako anaweza kumfanya nyanya mkopaji anayeheshimiwa.

Na asiye na ng'ombe? Huyo hukimbilia watu. Hapa ndipo tunafika katika Sacco, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo ambavyo wazazi wetu wengi ni wanachama. Mwanachama huweka akiba kila mwezi, kisha anakopa, aghalabu hadi mara tatu ya akiba yake. Sasa hesabu mwenyewe: akiba ni elfu mia moja, mkopo ni elfu mia tatu. Zile mia mbili za juu zinalindwa na nani? Zinalindwa na akiba za wenzake waliotia sahihi kwenye fomu. Ndio wadhamini. Na akiba iliyotumika kudhamini hufungwa, mwenyewe hawezi kuitoa mpaka mkopo wa mwenzake upungue au apatikane mdhamini mwingine.

Naandika haya nikiyajua kwa karibu. Nilipokuwa Kidato cha Pili, baba yangu na wenzake watatu kazini walimdhamini mwenzao. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye kupenda watu, na nyumbani kwetu alikwisha kula mara nyingi. Baadaye akaacha kazi ghafla, simu ikazimwa, na hakuna aliyejua alikokwenda. Deni lililobaki lilikuwa shilingi 120,000. Likagawanywa kwa wanne, kila mmoja akabeba 30,000, na kwa miezi kumi na miwili mshahara wa baba ukakatwa shilingi 2,500 kila mwezi. Kwa mtu mkubwa pengine hizo ni pesa kidogo. Kwetu sisi zilikuwa karo. Muhula huo nilirudishwa nyumbani mara mbili.

Jioni moja nilimsikia baba akimwambia mama kwa uchungu, "Mama Baraka, mimi sikukopa hata ndururu. Nilitia sahihi tu."

Mama alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa. Akasema, "Baba Baraka, sahihi ndiyo pesa yenyewe."

Siku zile sikuuelewa uzito wa jibu hilo. Nilipokuja kuusoma mzizi wa dh-m-n nikaona kwamba mama, ambaye hajui Kiarabu, alikuwa amelifafanua neno vizuri kuliko kamusi. Lile neno "tu" ndilo hatari. Anayeomba husema, "Nisaidie na sahihi tu, ni mambo ya kawaida." Na anayetia huona haya kuuliza. Kumbe tangu kalamu ilipoigusa karatasi, ameingia ndani. Mchuma janga hula na wa kwao, na fomu ya mkopo inawaorodhesha hao wa kwao kwa majina na nambari za vitambulisho.

SERIKALI NAYO HUKOPA

Sentensi yetu ya tatu ilihusu hati za dhamana. Hapa mambo yamepinduliwa, kwani serikali ndiyo inayokopa nasi ndio tunaokopesha. Kupitia Benki Kuu ya Kenya serikali huuza karatasi za ahadi. Za muda mfupi ni za siku 91, 182 na 364. Za muda mrefu, zile za miaka, ndizo huitwa hati za dhamana, na nyingi zake humlipa mnunuzi riba kila baada ya miezi sita hadi muda uishe, kisha arudishiwe pesa alizoweka. Majirani zetu wa Tanzania huziita hatifungani, neno zuri ambalo linaonyesha jinsi mkopaji alivyojifunga kwa hati.

Zamani mwananchi wa kawaida hakuzifikia, kwa sababu kima cha chini kilikuwa shilingi 50,000. Mwaka 2017 serikali ilitoa hati iliyoitwa M-Akiba, ambayo mtu aliweza kuinunua kwa simu kuanzia shilingi 3,000, na ikaahidi riba ya asilimia 10 kwa mwaka bila kodi.

Lakini mbona iitwe dhamana na hakuna shamba lililowekwa? Kwa sababu serikali yenyewe imesimama. Na inaposema italipa, nani atalipa? Ni sisi walipa kodi, pamoja na wadogo zetu ambao bado wako shule ya msingi. Kwa hiyo, mwenzangu, hata wewe usiye na akaunti benki umekwisha kuwa mdhamini bila kuombwa sahihi. Ni sababu njema ya kufuatilia habari za bajeti.

CHEO NI DHAMANA

Tukija kwenye sentensi ya nne, yule mwenzetu aliyesema hii ni lugha ya Watanzania hakuwa mbali na ukweli. Kule hupenda kusema "waziri mwenye dhamana ya elimu", yaani waziri anayehusika na elimu. Na katika ahadi ambazo wanachama wa chama cha TANU walizitoa, mojawapo ilikuwa kwamba cheo ni dhamana, na kwamba mwanachama hatakitumia kwa manufaa yake mwenyewe.

Mara ya kwanza maana hii huonekana kama imetoka nje ya njia. Ukiutazama ule moyo wa neno, unaona iko njiani kabisa. Kiongozi amechukua jukumu la mali ambayo si yake. Ikipotea, yeye ndiye wa kuulizwa. Hata kiranja wa bweni aliyekabidhiwa ndoo kumi na mifagio sita ana dhamana. Mwisho wa muhula mwalimu hatauliza ndoo zilivunjwa na nani, atamwita kiranja kwanza.

Basi jibu la swali letu la mwanzo ni hilo. Kortini, benki, serikalini na uongozini, kuna mtu anayesema: jambo hili si langu peke yangu, au si langu kabisa, lakini nitalijibia. Hiyo ndiyo dhamana.

NA SISI JE?

Huenda unasema, "Hayo ni ya wazee, mimi niko shule." Subiri kidogo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile tunayoiita HELB, iliundwa mwaka 1995, na fomu zake zimekuwa na sehemu ya wadhamini. Ukienda chuo kikuu kwa mkopo, yuko mtu atakayeandika jina lake chini ya lako. Usipolipa baada ya kupata kazi, usidhani unaikimbia serikali tu. Unamkimbia mjomba wako.

Tena kuna mikopo ya simu. Tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, na Hazina ya Hustler mwaka 2022, vijana wengi wamezoea kukopa bila shamba na bila mdhamini. Husema "mkopo huu hauna dhamana." Si kweli kabisa. Dhamana ni jina lako. Ukikosa kulipa, rekodi yako inaharibika, na siku utakapotaka mkopo wa maana wa kufungua duka utaambiwa hufai. Kukopa harusi, kulipa matanga. Nako kukopa kwa simu kunachukua dakika moja, hata sherehe ya harusi yenyewe hakuna.

Je, nasema tusidhaminiane? Sivyo hata kidogo. Nani asiyejua kwamba wengi wa wazazi wetu walisomeshwa, wakajengewa au wakatibiwa kwa sababu fulani alikubali kusimama? Baba yangu mwenyewe, alipomaliza kukatwa mshahara, alikaa mwaka mzima akasema hamsimamii mtu tena. Kisha binti wa jirani akaitwa chuo kikuu, na mamake ni mjane. Baba akaitia sahihi fomu yake. Lakini safari hii hakusema "tu". Alimwita yule dada akaketi naye, wakaisoma fomu mstari kwa mstari, akamuuliza anasomea nini, atalipaje, na akikwama atamwambia lini. Yule dada hakukasirika. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza maswali ya maana kama yale.

Kutokana na hayo nimejifunza maswali matano, nami nawaachia. Deni lote ni kiasi gani, pamoja na riba? Litalipwa kwa muda gani? Wadhamini wengine ni akina nani? Mkopaji akishindwa, mimi nitabeba kiasi gani? Na je, nikilazimika kukibeba, watoto wangu watakula? Ikiwa jibu la swali la mwisho ni hapana, basi kataa kwa upole. Afadhali lawama ya leo kuliko uadui wa kesho. Na wewe unayeomba kusimamiwa, yajibu maswali hayo kabla hujaulizwa. Ndiyo heshima pekee unayoweza kumpa mtu anayekubali kuingia ndani ya deni lako.

Wino unanikaukia, na mhariri amenionya nisile kurasa za wenzangu. Walio na maneno mengine ya pesa yanayowatatiza, kama riba, hisa na hundi, nawakaribisha chamani kila Jumatano baada ya masomo. Hundi ina mambo yake mengi kutoka Bara Hindi, nalo nimemwachia msaidizi wangu wa Kidato cha Tatu alichambue katika toleo lijalo. Amekwisha kuahidi mbele ya mlezi wa chama, na mimi nimemdhamini, baada ya kumuuliza yale maswali matano.

Kiswahili kitukuzwe!